Amani ya Kofi Annan na Mama wa Toi

Februari 28, 2008, meza iliwekwa nje ya Harambee House, ofisi ya rais jijini Nairobi. Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga wakatia saini mkataba wa kugawana madaraka, msuluhishi Kofi Annan, aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania wakishuhudia. Nairobi ikashusha pumzi. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameshauawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007.

Wapo wanaoshikilia kwamba mkataba ule ulitufunza vibaya: wakubwa wakikosana baada ya kura, damu ya wanyonge imwagike kwanza, kisha wao wagawane nusu mkate. Hoja hii ina uzito. Bahasha ya Jaji Waki, aliyeongoza tume ya kuchunguza ghasia zile, ilikuwa na majina ya washukiwa; hiyo ambayo Annan aliikabidhi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2009, ilizaa washukiwa sita. Hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Na Annan mwenyewe ndiye aliyezoea kusema kwamba usalama, maendeleo na haki za binadamu havitengani!

Lakini tuitazame kazi yenyewe. Akiwa na wasuluhishi wenzake, Graça Machel na Benjamin Mkapa, Annan aliwasikiliza wajumbe wa pande zote mbili kwa wiki kadhaa. Alipoona wanavutana tu, akasimamisha vikao na kuwaendea wakuu wao wawili. Huo ndio uongozi ninaouheshimu: kujua funguo ziko mfukoni mwa nani. Alisisitiza pia Ajenda ya Nne, yaani ardhi, ajira kwa vijana na marekebisho ya katiba. Katiba ya 2010 ilitoka humo.

Ubunifu, hata hivyo, ulichipuka nje ya vyumba vya mazungumzo. Wakenya wachache walianzisha Ushahidi, tovuti ambapo mwananchi alituma ujumbe wa simu kueleza alichokiona, na tukio likawekwa kwenye ramani. Sauti hizo zilistahili kufika mezani mapema. Hapo ndipo ninapomlaumu Annan na wote waliokuwa naye.

Soko la Toi, jijini Nairobi, liliteketea katika ghasia zile. Mama mmoja muuza mitumba aliniambia, huku akikunja shati na kulipiga vumbi, kwamba waliotia saini walisameheana wao kwa wao; yeye hajawahi kuambiwa nani alichoma kibanda chake. Nikamuuliza kama angependa mkataba ule usiwepo. Akaliweka shati chini, akanitazama. Wiki ile ile ya saini, akasema, ndiyo aliyorudi kusimamisha nguzo.