Fedha za UVIKO-19: huku walichagua, kwetu walipangiwa

Ninaishi katika kaunti ya Cook, jimbo la Illinois, na kila ninapozungumza na ndugu zangu walioko Tanzania kuhusu fedha zilizotolewa kukabiliana na athari za UVIKO-19, wao hudhani kwamba Wamarekani walitushinda kwa wingi wa fedha tu. Wingi upo, tena mkubwa, lakini jambo linalonifikirisha zaidi ni nani aliyeamua fedha hizo zifanye kazi gani.

Sheria aliyoisaini Rais Joe Biden tarehe 11 Machi 2021 ilitenga dola bilioni 350 kwa ajili ya majimbo, kaunti, miji, makabila ya wenyeji asilia na maeneo mengine yaliyo chini ya Marekani. Serikali ya shirikisho iliweka mipaka: fedha zihudumie afya ya umma na walioathirika kiuchumi, ziwaongezee malipo wafanyakazi wa huduma muhimu, zizibe pengo la mapato yaliyopotea, au zijenge mifumo ya maji, majitaka na intaneti; kuzitia katika mifuko ya pensheni au kulipia madeni ya zamani ya serikali husika kulikatazwa. Ndani ya mipaka hiyo, kila baraza lilijiamulia. Cook ilitenga dola milioni 42 ili kaya 3,250 zenye kipato kidogo zipewe dola 500 kila mwezi kwa miaka miwili, bila masharti ya matumizi. Ilitenga pia dola milioni 12 za kufuta madeni ya matibabu, na hapa ndipo nilipovutiwa zaidi, kwa sababu deni la hospitali ambalo mdai amekwisha kukata tamaa nalo huuzwa kwa senti chache kwa kila dola, hivyo kiasi kidogo kinaweza kufuta mzigo mkubwa mno. Mji wa Toledo, Ohio, ukishirikiana na kaunti yake ya Lucas, ulifuata njia hiyohiyo, kila upande ukichangia dola 800,000.

Kwetu fedha zilikuja kwa mlango mwingine. Mwezi Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa takriban dola milioni 567, yaani karibu shilingi trilioni 1.3, na mwezi uliofuata Rais Samia Suluhu Hassan akazindua jijini Dodoma mpango wa kuutumia. Sehemu iliyoonekana zaidi ilikuwa madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Halmashauri zilipokea fedha zikiwa zimeshapangiwa kazi, kwa kima cha shilingi milioni 20 kwa darasa la sekondari, na tarehe ya mwisho ilikuwa shingoni mwao, kwa kuwa wanafunzi wa kidato cha kwanza walitakiwa kuingia wote kwa pamoja Januari 2022.

Kasi hiyo ninaiheshimu. Marekani halmashauri zilipewa hadi mwisho wa mwaka 2024 kuingia mikataba na hadi mwisho wa 2026 kumaliza malipo, na kanuni zikaruhusu kila moja ihesabu hadi dola milioni 10 kuwa mapato yaliyopotea, bila kuthibitisha hasara hiyo. Miji midogo mingi ilipokea pungufu ya hapo, kwa hiyo iliweza kuingiza mgao wote katika mishahara na huduma za kawaida, na mkazi akitaka kuonyeshwa kilichofanyika hana cha kushika mkononi. Darasa la UVIKO, kama linavyoitwa mitaani, lina mlango na madawati.

Hata hivyo, diwani wa kata ambayo shida yake kubwa ilikuwa kisima au zahanati iliyoishia kwenye boma hakuwa na nafasi ya kulisema hilo kabla mgao haujapangwa. Mkopo mwingine wa aina hii ukija, ningependa sehemu yake, hata robo, iachwe kwa mabaraza ya madiwani yachague ndani ya mipaka iliyoandikwa, kisha matumizi yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kila kata kabla ya awamu ya pili kutolewa.