Chekechea Lubumbashi: nani atamlipa mama mwalimu?

Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hazitozi karo, kama kifungu cha 43 cha katiba kinavyotaka. Kifungu hicho kinataja shule ya msingi tu. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 hakuguswa. Ndiyo maana mjini Lubumbashi materneli, yaani chekechea, nyingi ni za watu binafsi, na mzazi analipa minervali (karo) na sare. Wengi sasa wanasema serikali iongeze nafasi. Tatizo ni kwamba kila mmoja akisema "nafasi" ana lake kichwani.

Anayetaka serikali iingie kwa nguvu aende alfajiri soko la Kenya, komuni ya hapa Lubumbashi. Mama anapanga nyanya, mtoto mchanga yuko mgongoni, wa miaka minne kakaa chini ya meza. Mwingine kamwacha mtoto nyumbani na dada yake wa miaka kumi, ambaye shule hailipishi tena lakini haendi, kwa sababu ndiye mlezi. Nafasi moja ya garderi, yaani kituo cha kulelea watoto mchana, hapo inasaidia watoto wawili.

Upande wa pili unauliza mshahara utatoka wapi, na swali hilo si la ukaidi. Karo ilipofutwa watoto walimiminika, madarasa mengine yakapita 100, na walimu ambao hawajawa mekanize, yaani majina yao hayamo kwenye orodha ya malipo ya serikali, wakakosa hata ile primu, yaani pesa ambazo wazazi walikuwa wakiwachangia. Darasa la sita lenye watoto 100 linafundishika kwa taabu. Watoto 100 wa miaka minne hawafundishiki, wanachungwa tu. Kwa umri huo inafaa watu wazima wawili kwa watoto 25 hadi 30. Chini ya miaka miwili, mlezi mmoja asipewe zaidi ya wanne: akimbadilisha mmoja nepi, watatu wanamlilia.

Wapo wanaoelekeza macho kwenye madini. Kanuni ya Madini ya 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini wanayochimba, hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% eneo lenye mgodi, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Komuni kama Katuba na Kenya hazina mgodi, kwa hiyo zitategemea fungu la jimbo, nalo hupanda na kushuka na bei ya shaba. Mji huu unalijua hilo: Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilibeba shule na hospitali za wafanyakazi wake, ikayumba miaka ya 1990, nazo zikayumba. Fedha hizo zijenge kuta na vyoo. Mshahara utoke kwenye bajeti ya kawaida.

Kwangu, hatua ya kwanza ni mwaka mmoja tu, wa watoto wa miaka 5, ndani ya shule za msingi zilizopo. Chumba cha mita 6 kwa 9 kinatosha watoto 30 na kona ya mikeka. Benchi liwe la sentimita 26 hadi 30 kutoka chini. Tundu la choo lisizidi sentimita 15. Lile la wakubwa linamtisha mtoto, anajisaidia nyuma ya ukuta, na mvua ya Desemba inausambaza uchafu uwanjani. Wakandarasi husahau hili kila mara kwa sababu mchoro ni uleule wa shule ya msingi.

Hata hivyo darasa hilo likifungwa saa sita mchana, mama wa soko hajasaidika sana. Yeye anahitaji garderi karibu na meza yake, na hapo ruzuku kwa mwenye garderi ni rahisi kuliko kujenga upya. Ila tahadhari mbili. Ukilipa kwa idadi iliyoandikwa kwenye rejista, watoto hewa watazaliwa wengi. Walipwe walioonekana kwenye ukaguzi wa ghafla. Na usipoweka kikomo cha minervali kwenye mkataba, promota, yaani mwenye garderi, atapokea ruzuku na bado atapandisha bei. Mkataba huohuo utaje saa ya kufunga: si kabla ya saa kumi na moja jioni, maana wanunuzi wanaotoka kazini ndio wanaomaliza nyanya.