Deiwaka wa Mgomo

Mgomo nauelewa jamani. Madereva wetu wa daladala wamekataa kupandishiwa hesabu, ile pesa ya kumpelekea tajiri mwenye gari kila jioni, haki yao. Lakini tajiri naye kaenda kijiweni, kaokota vijana, kawakabidhi gari. Na mimi, mtu mzima mwenye shati la pasi, baba wa watu, nimepakiwa humo alfajiri kutoka Gongo la Mboto, nimesimamia mguu mmoja.

Dereva tumsamehe, gia anazitafuta kwa kupapasa tu. Balaa ni konda.

"Mombasa kuna mtu!" akasema mama mmoja. Kijana akamtazama kwa huruma. "Mama, sisi mwisho Kariakoo. Mombasa nenda kapande basi." Gari zima likaangua kicheko, na kituo cha Mombasa tukakipita. Mama anagonga bodi, konda anamtuliza. Mzee akadakia: "Banana shusha!" Konda akainama chini ya viti: "Mkungu uko wapi? Mzigo unalipiwa." Tukasema Majumba Sita. Akatoa kichwa dirishani, akaanza kuhesabu. Anahesabu! "Mbona ni mengi?"

Wallahi.

"Deiwaka huyo," akasema mwalimu mstaafu aliyenibana ubavuni. Nikakataa. Deiwaka ninayemjua mimi anamshikia mwenzake usukani akale ugali, kisha anarudisha gari. Huyu kakalia kiti cha mtu aliyegoma!

Mwalimu kapata darasa. Waingereza, akasema, tangu karne ya 18 wanamwita mtu huyo kigaga cha kidonda. Wafaransa wanamwita wa njano. Dada mwenye jezi ya Yanga akageuka: "Njano imewakosea nini?" Mwalimu akaomba radhi hadi Kipawa. Wahispania je? Kindi! Kisa ni kijiji cha Katalonia kiitwacho L'Esquirol, yaani kindi kwa Kikatalani. Karne ya 19 watu wake walikwenda viwandani Manlleu kushika kazi za waliogoma. Kijiji kizima kimegeuzwa tusi, na wajukuu wanaishi nalo.

"Na sheria ya ajira ya 2004 inakataza watu wa badala kwenye mgomo halali," akaongeza. Halali! Huo unataka taarifa ya saa 48, na kwanza uwe na mwajiri anayekutambua. Mwaka 2015 madereva walisimamisha mabasi nchi nzima wakidai mikataba. Dereva wetu aliyegoma, mkataba wake na tajiri ni hesabu ya jioni. Mwalimu akanyamaza.

Konda akaja: "Chenji ukishuka." Nikishuka wapi, kaka, wakati hata Tazara unaniuliza mimi?

Kazini nimechelewa. Bosi kaniambia mtaani wamejaa vijana wanaoitamani meza yangu. Sikumjibu, nikaenda kutafuta chai. Mama wa chapati hayupo, kamwachia mdogo wake jiko. Chapati mbichi katikati, pembeni imeungua, chumvi hamna, bei ileile. Namuuliza dada yuko wapi, ananijibu kaenda Kigoma msibani, nimpe mia mbili za chai.