Mpelekeni, ila Mikumi
Nimesoma habari ya huyu binti mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, anayeomba jambo moja tu: kulala kwenye hema na wazazi na wadogo zake, aone tembo. Machozi yamenitoka. Lakini ndugu zangu mnaopendekeza Ngorongoro, naomba mfikirie upya. Ukingo wa kreta uko juu ya mita 2,200, usiku ni baridi kali, na baridi huamsha maumivu ya selimundu. Hifadhi ya Mikumi, mkoani Morogoro, iko chini zaidi, na tembo wapo. Treni ya SGR itawafikisha Morogoro bila kutikiswa. Daktari wake aulizwe kwanza. Maji ya kunywa yawe mengi, blanketi lisisahaulike, na wadogo zake wasiachwe nyumbani jamani, amewataja mwenyewe. Mafuta ya gari kutoka Morogoro hadi Mikumi nachangia mimi.