Alishindwa yeye, wakafukuzwa wengine

Nimo katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo, nacho siwezi kukitoka kwa sababu mama atauliza. Wiki jana mpwa wangu, kijana wa chuo ambaye mwaka 2005 ama alikuwa tumboni ama hajafika hata huko, alituma video ya marehemu Mwai Kibaki, rais wetu wa tatu, akifoka jukwaani, ile sauti ya "pumbavu" na "mavi ya kuku" tunayoijua sote. Chini yake akaandika kwamba huyo ndiye aliyekuwa rais, mtu aliyevunja baraza zima la mawaziri siku mbili baada ya kura ya maoni ya katiba ya 2005 na hakumbembeleza mtu. Wajomba wakapiga makofi. Mmoja wao, namkumbuka vizuri, siku ile ya kupiga kura alivaa fulana ya rangi ya chungwa, alama ya waliosema La kwa rasimu ya Kibaki.

Nikaandika jibu refu, nikalifuta. Nalileta hapa.

Tuanze na haki yake, nisije nikaambiwa nina chuki. Januari 2003 watoto waliingia shule za msingi bila karo, na uchumi aliourithi kwa Moi ukiwa hoi ulianza kupumua. Na matokeo ya kura ya maoni yalipotoka aliyakubali mara moja, hakutafuta mchawi kwenye masanduku. Kwa bara letu hilo si dogo. Haya, nimesema.

Lakini kuvunja baraza mnakokuita ushujaa ndiko kulikozika NARC, muungano wa vyama uliompeleka Ikulu, na aliyebeba jembe ni yeye.

Twende nyuma kidogo. Oktoba 2002, Raila Odinga anasimama Uhuru Park na "Kibaki tosha" yake, na mwezi huohuo NAK, kambi ya Kibaki, na LDP, kambi ya Raila, wanatia sahihi MoU, mkataba wa maelewano: viti vya baraza nusu kwa nusu, katiba mpya upesi, na humo cheo cha waziri mkuu ambacho kila mtu alijua kimeshonewa nani. Juu ya wote inakaa Samiti, kina Kibaki, Raila, Wamalwa, Ngilu na wengine, ili wakubwa wakikosana wakosane ndani ya chumba. Desemba tunashinda kwa asilimia 62. Kibaki anaapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa baada ya ile ajali, na sisi tunalia kwa furaha.

Sasa mwenye kumbukumbu anitajie kikao kimoja cha maana cha Samiti baada ya hapo. Kimoja tu. Baraza la kwanza lilipotangazwa, LDP wakalalamika kwamba wamepunjwa. Wakaambiwa MoU ni karatasi. Wamalwa akafariki Agosti 2003. Rais alikuwa bado anaugulia, na waliomzunguka wakawa ndio mlango; ukitaka kumwona unapitia kwao, na wao wana yao. Juni 2004, badala ya kuketi na wenzake aliopanda nao jukwaani, akaenda kuwaalika watu wa vyama vya upinzani, KANU na FORD-People, Nyachae na Njenga Karume wakawa mawaziri, Kalonzo Musyoka wa LDP akatolewa Mambo ya Nje akapelekwa Mazingira. Hiyo ikaitwa serikali ya umoja wa kitaifa. Umoja na walioshindwa, ugomvi na walioshinda.

Hapa ndipo ninapotaka mpwa wangu asome polepole. NARC haikuwa na wanachama wa kawaida. Ilikuwa chama cha vyama: wewe ni wa LDP, au DP, au Ford-Kenya, au NPK, na chama chako ndicho kilichomo NARC. Watu wa Kibaki walipotaka vyama hivyo vivunjwe watu wajiandikishe moja kwa moja, LDP wakakataa, maana walijua kitakachofuata ni kumezwa. Kwa hiyo hapakuwa na mkutano mkuu wa kumwuliza kiongozi kazi amefanyaje. Samiti haikai, matawi ni ya vyama vingine, mwenyekiti hapatikani. Mbunge wa NARC aliyekuwa na neno juu ya utendaji wa rais alikuwa na njia mbili: anyamaze, au akaseme kwenye hadhara ya Jumapili mbele ya kamera. Wakenya wakachoka na kelele za Jumapili, lakini zilikuwa ndicho kikao pekee cha chama kilichosalia.

Ugomvi ule ukahamia Bomas, kwenye mkutano wa kuandika katiba mpya, ukatoka Bomas ukaenda Kilifi, ambako kamati ya wabunge ya Nyachae ilikaa kando ya bahari Julai 2005 na kumpunguza waziri mkuu wa Bomas mpaka akawa mtumishi wa kuteuliwa na rais. Mwanasheria Mkuu Amos Wako akaichapisha rasimu, nchi nzima ikaiita kwa jina lake. Nani aliisoma? Huku Mombasa tuliijua kwa sura moja, ile ya mahakama za kadhi iliyogeuzwa kuwa mahakama za dini zote, mpaka Wakristo wakatungiwa mahakama. Mengine tulisimuliwa na wanasiasa, kila mmoja kwa faida yake. Kura ile tuliitumia kumpa Kibaki maksi.

Naye aliijua hivyo, msinidanganye. Mtu asiyejali matokeo hatoi mbuga. Wiki chache kabla ya kura, serikali iliiondoa Amboseli mikononi mwa KWS, shirika la taifa la wanyamapori, na kuikabidhi kwa halmashauri ya kaunti ya Ol Kejuado. Mbuga nzima ya ndovu, kwa sababu ya tiki! Bonde la Ufa likachukua, likashukuru, likapiga La.

Kampeni yenyewe ilikuwa kichekesho chenye damu. Mawaziri wa serikali moja, bendera kwenye magari, nusu wakitangaza ndizi, alama ya Ndiyo, na nusu chungwa, alama ya La. Jirani yetu aliyeuza matunda soko la Kongowea aligeuka mwanasiasa bila kutaka: akitanguliza ndizi mezani, mteja ananuna, akitanguliza machungwa, anaulizwa amelipwa na nani. Tulicheka. Kisha Kisumu watu wakapigwa risasi, tukaacha kucheka.

Novemba 21, kura zikasema asilimia 58 La, 42 Ndiyo. Mikoa saba kati ya minane ikamkataa, akabaki na Kati. Novemba 23, jioni, rais anatokea kwenye televisheni na kulifuta baraza zima, isipokuwa makamu wake Awori na Mwanasheria Mkuu. Ndiyo, Wako yuleyule, ambaye cheo chake kilikuwa na kinga ya katiba. Mwenye jina kwenye rasimu iliyokataliwa akabaki ofisini. Nchi ikakaa wiki mbili bila mawaziri, na Desemba 7 orodha mpya ikatoka. Raila hayumo. Kalonzo hayumo. Balala, Nyong'o, Ayacko, hawamo. Waliosimama na walio wengi wametolewa, waliosimama na walioshindwa wamerudi, na wengine kwa vyeo vilevile.

Mpwa wangu, huo ndio ushujaa unaousifu?

Rais De Gaulle wa Ufaransa alishindwa kura ya maoni mwaka 1969, akaondoka siku iliyofuata. Waziri mkuu wa Uingereza, Cameron, alishindwa kura ya Umoja wa Ulaya mwaka 2016 akatangaza kuondoka asubuhi ileile. Na baada ya kura hiyohiyo Corbyn, kiongozi wa upinzani ambaye hata hakuiitisha, wabunge wa chama chake 172 walipiga kura ya kutokuwa na imani naye dhidi ya 40, eti kampeni yake ilikuwa baridi. Baadaye wanachama wa kawaida wakamrudisha, sawa, lakini aliitwa, akaulizwa, akajibu, na kura ikapigwa. Sisemi Kibaki angejiuzulu. Katiba ya wakati ule haikumdai hivyo, na mimi mwenyewe sikutamani uchaguzi mwingine mwaka ule. Nasema hakuna mtu hata mmoja ndani ya chama kilichompeleka Ikulu aliyekuwa na kiti cha kukalia, amtazame usoni amwulize: mzee, tumeshindwa vipi mikoa saba?

Badala ya swali, akatoa barua za kufukuza.

Najua nitakachojibiwa. Kwamba watu wa chungwa walikuwa wanafiki, wanakula mshahara wa serikali huku wakiibomoa. Ni kweli, na nilisema hivyo hata wakati ule nikaitwa ndizi. Raila na Kalonzo walipaswa kujiuzulu kabla ya kupanda jukwaa la kwanza. Wala hawakuondoka na dawa ya ugonjwa huo. Harakati ya chungwa ilipogeuka chama, miaka miwili haikuisha wakawa wamepasuka: Agosti 2007 Kalonzo akabaki na ODM-Kenya, Raila akahamia ODM, jina ambalo wakili Mugambi Imanyara alikuwa ameliwahi kwa msajili. Chama kikubwa kuliko vyote nchini, na hati yake iko kwenye faili la wakili! Wakubwa wawili wamekosana, na tena hakuna chumba.

Ya Julai 2024 sitayagusa sana. Ruto, aliyekuwa upande wa chungwa mwaka 2005, naye alilifuta baraza lake, kisha akawapa watu wa ODM baadhi ya viti. Baadhi ya wajomba waliompigia Kibaki makofi ndio waliolia usaliti. Mimi niliona Juni 2004 ikirudiwa.

Na kwa kuwa mpwa wangu anapenda historia za kishujaa, nimalizie alichokiacha. NARC haikufa siku moja. Watu wa rais walianzisha Narc-Kenya mwaka 2006, ile ya zamani ikabaki mikononi mwa Ngilu. Mwaka 2007 ukafika na rais aliye madarakani hana chama cha kugombea. PNU ikaundwa Septemba, uchaguzi ni Desemba, na miguu yake ilikuwa vyama vingine tena, KANU ikiwemo, kila kimoja kikisimamisha wabunge wake hata pale kinapogongana na mwenzake. Oktoba, Ngilu, mwenyekiti wa NARC, akatangaza kwamba anamuunga mkono Raila huku akiwa bado Waziri wa Afya wa Kibaki. Akafukuzwa kazi. Tiketi iliyomwapisha Kibaki ikafanya kampeni iliyobaki ikiwa jukwaani na mpinzani wake.