Miaka saba bila nauli ya kurudi

Wanawake wengi wa Ireland waliosafirishwa kwenda Australia kama wafungwa walihukumiwa miaka saba. Mimi siikubali hesabu hiyo. Serikali ya Uingereza iligharimia safari ya kwenda, miezi mitatu minne baharini. Ya kurudi mtu alijitafutia mwenyewe. Mwanaume aliyemaliza kifungo aliweza kuomba kazi melini akafika kwao kwa njia hiyo. Mwanamke nani angemwajiri ubaharia? Aliyeiba nguo au kondoo alipewa kifungo cha maisha, ila hakuna hakimu aliyethubutu kukiita hivyo.

Na walikuwa wakiiba kwa nini? Viazi vilipoanza kuoza mashambani mwaka 1845, njaa ilibana kiasi kwamba wapo waliochoma nyumba makusudi ili wakamatwe wapelekwe huko. Mtu anayeona heri kufungwa upande wa pili wa dunia kuliko kubaki kijijini kwao, huyo tayari ameshaadhibiwa.

Lakini kinachoniuma zaidi ni Cascades, gereza la wanawake lililofunguliwa Hobart, kisiwani Tasmania, mwaka 1828, bondeni, chini ya mlima, mahali penye unyevu na jua la kuhesabu. Wafungwa waligawiwa kwa walowezi kuwa watumishi wa nyumbani. Mfungwa akipata mimba huko, mara nyingi ya bwana mwenye nyumba au mtu wa humo humo, alirudishwa gerezani. Alijifungua, akanyonyesha, na siku ya kumwachisha mtoto ziwa ndipo adhabu ilipoanza: miezi sita kwenye kundi la wakosaji, herufi C ya njano imeshonwa mgongoni, mikono kwenye beseni la kufulia tangu asubuhi. Mtoto akibahatika kuishi, maana wengi walikufa humo, alipelekwa kwenye nyumba ya mayatima huku mama yake yu hai. Baba hakuulizwa kitu.

Najua watakaosema kwamba wengine waliolewa, wakapata mashamba, wakazaa vizazi vilivyostawi. Ni kweli, na nawapongeza kwa dhati. Sifa hiyo ni ya jasho lao, wala isihamishiwe kwa waliowapakia melini. Wanawake hawa hawakuwa watu wa kuonewa wakanyamaza. Huko Parramatta, karibu na Sydney, mwaka 1827, chakula kilipopunguzwa, walivunja lango la gereza wakamiminika mjini kuchukua mkate na nyama, hadi askari wakatumwa kuwarudisha.

Tangu mwaka 2010 Cascades imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na watalii wanaitembelea. Kama ningekuwa na sauti pale, mgeni angepelekwa kwanza upande walikolelewa watoto wachanga, aelezwe kwa kituo sheria ile ya miezi sita, kabla hajaonyeshwa vyumba vya adhabu.