Nyama ya gesi haina kosa, kosa ni jiko ulilonunua

Mama aliniona kwenye simu nimesimama uani, mbele ya jiko jipya la gesi la kuchomea nyama, akauliza: "Sasa huo moto unaupepeaje?" Nikamwambia haupepewi, unazungusha swichi tu. Akanyamaza kidogo. "Basi hapo hupiki wewe, linapika lenyewe."

Nina miaka 11 ughaibuni, na katika manung'uniko yote ya sisi wahamiaji kuhusu chakula cha huku, hili la gesi ndilo linalonikera kuliko mengine. Ati nyama ya gesi haina ladha. Ati kama hakuna mkaa, afadhali uchemshe. Nimekula kwenye nyua za hao wanaosema hivyo, na nyama yao kweli ilikuwa haina ladha. Lakini kosa halikuwa la gesi. Waliingia dukani wakasahau kila walichokijua kuhusu moto tangu utotoni, wakaanza kuhesabu vichomeo kama wenyeji wanavyohesabu: vinne ni bora kuliko vitatu, sita ni bora kuliko vinne, na mwenye taa za buluu kwenye swichi ndiye mwanamume.

Tuanze na hiyo ladha. Mkaa ukishakolea, ukawa mwekundu wenye majivu meupe juu, hautoi moshi wa maana. Kuni zilishaunguzwa siku nyingi wakati wa kutengeneza huo mkaa, na vitu vingi vya kunukia viliondoka huko huko. Harufu ile inayowafanya majirani wachungulie dirishani inatoka kwenye mafuta ya nyama yenyewe: yanadondoka, yanagonga kitu cha moto mkali, yanageuka moshi na kurudi juu kujipaka kwenye nyama. Kitu hicho kikiwa kaa, sawa. Kikiwa bamba la chuma lililopata moto sawasawa, sawa pia. Shida ni pale kinapokuwa bati jembamba la uvuguvugu, ambapo mafuta yanateleza tu hadi kwenye trei na kukaa humo kama uji.

Hata hivyo sitawadanganya kwamba mioto hii miwili ni ndugu wa tumbo moja. Kaa jekundu linarusha joto moja kwa moja, kama jua, na joto lake ni kavu. Gesi inapasha hewa kwanza, kisha hewa ndiyo ipashe nyama. Tena ina maji ndani yake: kila kilo 1 ya propani, gesi ya mitungi ya huku, inayoungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Ndiyo maana kipande cha nyama kwenye jiko hafifu la gesi kinabaki rangi ya kijivu, kinatoka jasho, kinaiva bila kubadilika sura. Kinachookoa hapo ni uzito wa chuma. Bamba zito juu ya vichomeo, na wavu mzito juu ya bamba, vinashika joto na kulirusha juu kwa namna inayokaribia kaa. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe lina vichomeo vingapi, liwe lina chuma kiasi gani.

Sasa ile namba kubwa iliyobandikwa mbele ya kila jiko, BTU, kipimo cha joto. Nilisimama mbele ya majiko mawili, muuzaji akinisukuma kwa tabasamu kuelekea kubwa. Kubwa: vichomeo vinne, BTU 48,000 kwa saa. Dogo: vichomeo viwili, BTU 26,000. Kwa haraka haraka unaona kubwa lina nguvu karibu mara mbili. Nikatoa futi ya fundi mfukoni (ndiyo, nilikwenda nayo, mke wangu akasogea mbali akajifanya hanijui). Wavu wa kubwa ulikuwa sentimita 80 kwa 50. Wa dogo, 50 kwa 43. Gawanya: BTU 12 kwa kila sentimita ya mraba hapa, na 12 kule. Moto ni ule ule! Tofauti ni kwamba kubwa linakula gesi karibu mara mbili na limefunikwa kwa bati ambalo nililibonyeza kwa kidole gumba likabonyea. BTU inakwambia jiko linakula gesi kiasi gani, haikwambii nyama itaivaje, kama vile ukubwa wa sufuria usivyokwambia wali utaiva vipi. Mtungi wa kilo 9 una takriban BTU 430,000 za kutumia. Jiko la 26,000 likiwaka kwa nguvu zote linakaa nao kama saa 16. La 48,000 halifiki saa 9.

Halafu inua mfuniko. Usiuangalie, uinue. Ukiwa mwepesi kama mfuniko wa sufuria ya chai, upepo utakuwa unapika nawe. Alumini nene ya kusubu, yaani ya kumiminwa kwenye kalibu, inashika joto na haishiki kutu. Bati jembamba lenye rangi nyeusi inayong'aa litakuwa limebabuka kabla ya mwaka wa tatu. Ukikuta ufa kati ya mfuniko na sanduku unaopitisha vidole viwili, ondoka.

Kwa chuma kisichoshika kutu, beba sumaku. Ile aina bora, ambayo mafundi huiita 304, sumaku kwa kawaida haiishiki au inaishika kwa uchovu tu. Aina ya bei rahisi, 430, inaivuta kwa nguvu, na kwenye hewa ya chumvi au mvua nyingi hiyo ndiyo inayoanza kutoa madoa ya kahawia. Wauzaji hawapendi kumwona mtu na sumaku. Vichomeo vyenyewe ndivyo vya kuvijaribu kwanza, kwa sababu ndivyo vinavyokufa mapema, na ukiuliza kama vya akiba vinapatikana, sikiliza jibu linachukua muda gani.

Kuna jambo nililolijua nyumbani bila kujua kuwa ni elimu. Mama hakuwahi kutandaza mkaa ukalingana. Aliusukumia upande mmoja, upande wa pili akaacha makaa mawili matatu tu. Nyama ilianza kwenye ukali, ikapata rangi, ikahamishwa kwenye upole ikaivia humo, na vipande vilikuwa vinasafiri muda wote. Kabla ya kuweka chochote alitandaza kiganja juu ya moto akahesabu kimoyomoyo. Akishindwa kufika tatu, moto ni mkali. Akifika tano au sita, unafaa kwa kuku. Huku nimekuta watu wenye majiko ya thamani ya pikipiki wanawasha vichomeo vyote kwa nguvu zote, wanafunika, wanaingia ndani kuangalia mpira. Wakirudi, nje ni mkaa na ndani ni damu, kisha wanalaumu jiko.

Ndiyo sababu nasema chini ya vichomeo viwili usinunue: kimoja kiwake, kingine kizimwe. Vitatu ni raha, maana unaweza kuwasha cha pembeni na kuacha nafasi ya kutosha ya kupumzishia nyama. Zaidi ya hapo unanunua jiko la wageni watakaokuja mara mbili kwa mwaka.

Njia bora ya kulijua jiko ni kulikuta likiwaka kwa mtu. Jirani yangu, mzee mwenyeji aliyestaafu, ana moja la aina niliyokuwa naitamani. Nikamwomba anionyeshe. Akawasha vyote, akafunika dakika 10, kisha tukapanga vipande vya mkate wavu mzima, dakika moja na ushee, tukavigeuza kwa wakati mmoja. Yule mzee alishangaa kuliko mimi. Nyuma kulia mkate ulikuwa mweusi tii. Katikati ulikuwa wa rangi ya asali. Mbele kushoto ulikuwa mweupe kama ulivyotoka kwenye mfuko. Miaka minne amekuwa akipika kwenye jiko hilo, akidhani ile kona ina bahati mbaya. Nikatandaza kiganja kwenye ile kona nyeupe, nikahesabu hadi tisa, nikaacha kuhesabu. Sikulinunua.

Kipimajoto cha kwenye mfuniko nacho usikiamini sana. Kinapima hewa ya pale kilipo, juu, si pale nyama ilipolala. Cha kuchoma ndani ya nyama ndicho cha kweli, na hapa nawapa wa huku haki yao: sisi tulikuwa tunapasua kuku kuangalia kama ameiva, maji yote matamu yakamwagika, wao wanachoma sindano, wakiona nyuzi 74 wanaepua. Nimehamia kwao kwenye hilo na sirudi.

Mtungi ulinifundisha kwa aibu. Niliwaalika watu kumi na kitu, nikafungua swichi ya kichomeo kwanza, kisha nikaufungua mtungi kwa kishindo, zungusha zungusha hadi mwisho, kama mtu anayefungua bomba la maji. Moto ukawaka kama wa kibatari. Nikaongeza, ukabaki vile vile. Nusu saa nyama imelala pale kama mgonjwa, wageni wanaangalia saa kwa adabu. Nikadhani nimeuziwa jiko bovu, nikadhani gesi imeisha, nikautikisa mtungi, umejaa. Kumbe mitungi na mipira ya huku mingi ina kizuizi kidogo: gesi ikitoka kwa kasi ya ghafla, kinadhani mpira umepasuka, kinabana. Dawa yake ni kufunga kila kitu, kuchomoa mpira wa gesi, kusubiri dakika chache, kurudisha, kisha kufungua mtungi polepole huku swichi zote zikiwa zimefungwa, ndipo uwashe. Mfuniko uwe wazi wakati wa kuwasha, kila mara. Propani ni nzito kuliko hewa, inatuama chini ndani ya sanduku ikisubiri cheche, na nyusi hukua taratibu.

Mhamiaji anayetoka nchi ya joto ajue na hili: gesi ya mitungi ya kwetu mara nyingi ina butani nyingi ndani yake, na haina shida kwa sababu hatuna baridi. Butani inakataa kugeuka mvuke ikifika karibu na nyuzi 0. Propani inaendelea hadi 42 chini ya sifuri. Ukiwa mahali pa theluji na unataka kuchoma nyama mwezi wowote, uliza ni gesi gani iliyo ndani ya mtungi. Na usibebe regyuleta kutoka nyumbani ukidhani umeokoa pesa. Vinywa vya mitungi havifanani, mgandamizo haufanani. Vivyo hivyo jiko la propani usiliunganishe na gesi ya bomba la nyumba: matundu yake ya kutolea gesi kwenye vichomeo ni madogo kwa gesi hiyo, yanabadilishwa na fundi.

Povu la sabuni kwenye viungio vya mpira, kila unapobadili mtungi. Ukiona mapovu yanavimba, gesi inatoka. Hili wengi tunalijua tangu nyumbani, ila tukifika huku tunadhani vitu vya huku havivuji.

Mengine sina subira nayo. Kichomeo cha pembeni cha kuchemshia mboga: utakitumia mara moja kisha kitakuwa kiota cha buibui. Buibui, kwa njia, wanapenda hata mirija ya vichomeo vikuu. Moto ukianza kuwa wa njano upande mmoja, waondoe kwanza kabla ya kumwita mtu. Kiwashio cha umeme kitakufa. Weka kiberiti kirefu. Brashi ya nyaya inaacha vijiwaya kwenye wavu vinavyoishia kooni mwa mtoto. Sugua kwa kitunguu kilichokatwa nusu au kwa brashi isiyo na nyaya.

Je, nyumbani ni bora kuliko huku? Kwa moshi machoni, kwa mkaa mbichi unaokataa kukolea, kwa majivu ya kumwaga usiku, hapana, sitamani kurudi. Nilichokikosa huku ni kwamba hakuna anayeusimamia moto. Nyumbani mchomaji haondoki. Unamkuta pale na koleo lake, amekunja uso, haongei na mtu akiwa kwenye zamu ya kugeuza. Majiko ya huku yanauzwa kwa ahadi kwamba unaweza kuondoka, na mfuniko ule mkubwa ndio unaokudanganya. Mimi naweka kiti pembeni ya jiko. Wageni wenyeji mwanzoni walidhani sijui kulitumia.

Nililonunua hatimaye ni la vichomeo vitatu, la kawaida, mfuniko wa alumini ya kusubu, wavu wa chuma cha kusubu unaohitaji kupakwa mafuta kila baada ya kupika la sivyo unashika kutu usiku mmoja. Juzi mama alipiga tena, akataka kuona. Nikageuza simu kwenye wavu, nyama upande wa kulia inalia, vipande vya kushoto vimepumzika. Akaangalia muda mrefu.

"Hicho cha nyuma kisogeze," akasema. "Kinaungua."

Alikuwa sahihi. Turubai la kulifunikia sijanunua bado, na kila mvua ikianza mke wangu anafungua pazia ananiangalia.